Mgomba wa Saimon

Mshangano, Songea
18 Februari 2024

Shangazi Devota, shikamoo.

Huku tunaendelea. Baba anakusalimu. Goti linamsumbua, lakini ukimuuliza anasema goti ni zima, ila ngazi za kanisani zimeongezwa urefu. Mahindi yamesimama vizuri. Mvua imeangusha choo cha jirani yetu, naye anasema alikuwa na mpango wa kukibomoa.

Sasa la msiba. Jumamosi iliyopita ukoo wa Anko Saimon walizika mgomba. Wewe ulituma neno kwamba barabara imekatika huko Nakapanya, usingeweza kufika kumzika mumeo. Azizi, konda anayetubebea hizi barua, anasema alipita hapo siku hiyohiyo akiwa na abiria wake wote na mbuzi. Mimi sikuulizi kitu.

Walisema miaka saba inatosha. Mtu amevuka Ruvuma kwenda kuchimba rubi Msumbiji, hajarudi, hajapiga simu, maiti haijaonekana. Basi azikwe mgomba badala yake kama walivyofanya wazee, watu walie, wanyoe, maisha yaendelee. Kazi ya kuleta mgomba walipewa wapwa zake wawili, wale wanaotengeneza simu Mfaranyaki. Inatakiwa likatwe shina tu. Wao wakauchimba mzima pamoja na mizizi, wakisema marehemu hafai kuzikwa nusu. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga, kaburi lenyewe liliishia kwenye magoti. Padre alikataa kuja. Alisema ana sakramenti saba na hakuna hata moja inayohusu ndizi.

Mama mkwe wako, Bibi Lidwina, alikaa ndani muda wote. Walipomfuata sana akatoka, akatazama lile tuta, akasema, "Mmemaliza kupanda?" Akarudi ndani.

Mimi shuleni ni kama kawaida, na jioni nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza masista watatu kutoka Peru. Ni wauguzi, wanangoja usaili wa leseni, na usaili ni wa Kiingereza. Lugha yao ni Kihispania. Salamu wanazijua, viungo vya mwili wanavijua. Wanakwama kwenye maneno ya shaka na hakika: lini useme najua, lini nadhani, lini huenda. Sista Milagros, akijizoeza zahanatini, alikuwa akimweleza mwalimu mmoja mstaafu hatari za sindano ya ganzi, akamwambia, "Eventually utakufa." Kwao kuna neno la sura hiyohiyo, maana yake "huenda". Kwa Kiingereza maana yake ni mwishowe, upende usipende. Yule mzee akajibu, "Najua, Sista, lakini leo nimekuja kwa jino."

Nahitaji mifano kutoka kwenye maisha ya watu. Ukiwa na nafasi niandikie.

Mwanao,
Leticia


Nakapanya, Tunduru
10 Machi 2024

Mwanangu Leti, marahaba.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikipokea simu hapa kibandani, wateja wanachangia. Juzi mama mmoja alinunua nyanya, akabaki kusikiliza, kisha akanishauri.

Mimi ni mzima. Korosho za jirani zilizaa vibaya na za kwangu vibaya zaidi. Paa lilikuwa linavuja, fundi Gaspari akaja akaliziba. Alipokuwa juu akaona dirisha haliko sawa, akarudi kesho yake kulinyoosha. Gaspari anasema na mlango umeinama. Nimeishi katika nyumba hii miaka yote bila kujua kwamba ina maradhi mengi hivi. Meza nayo Gaspari ameitazama kwa huruma.

Kuhusu barabara: ilikatika. Huenda haikukatika siku hiyo. Huo ni mfano wako wa kwanza, wape masista.

Pole yao na pole yako. Nami nina ombi. Hayo maneno yako yapange kama ngazi, kutoka kwa anayejua hadi kwa asiyejua. Nataka nione mwanamke aliyezikiwa mgomba anasimama wapi.

Msalimie kaka yangu na goti lake.

Shangazi yako,
Devota


Mshangano
14 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo.

Pasaka tuliila kwa amani. Baba alipanda ngazi zote na kusema wamezipunguza.

Ngazi yako hii hapa. Juu kabisa yuko anayejua, naye anasema tu. Chini yake yuko anayesema "hakika", chini tena anayesema "lazima", kisha "nadhani", kisha "huenda". Ukiendelea kushuka unafika kwenye "haiwezekani", ambayo ni hakika iliyosimamishwa kichwa chini. Jambo masista wasilolikubali ni kwamba maneno ya kukazia yanapunguza. Mwingereza akisema no doubt, yaani hapana shaka, mara nyingi anakisia. Akisema lazima jambo liwe hivi, ujue hakuliona. Ukiniwekea ugali mezani sisemi lazima umeiva, nasema umeiva. Anayejua haongezi neno.

Sista Milagros aliuliza, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja, iko ngazi gani?" Nikamwambia iko zote.

Sasa jikaze. Mgomba umeota. Limetoka jani moja kwenye tuta, likafuatiwa na jingine. Wapwa wamezima simu zao, nao ndio mafundi simu. Baba mkubwa wa ukoo anasema ni ishara kwamba Anko Saimon yu hai. Mwingine anasema ni ishara kwamba marehemu ameridhika. Padre amesema ni ishara kwamba mvua ilinyesha. Bibi Lidwina yeye ameuzungushia uzio wa matete ili mbuzi wasiufikie, na asubuhi anatoka na kikombe chake cha chai anakaa karibu.

Kwa hiyo uliyezikiwa mgomba sijui unasimama wapi. Ungekuwa mgomba uliokufa ningejua.

Jingine: Gaspari ni nani? Umemtaja kuliko ulivyomtaja Mungu, na ilikuwa Kwaresima.

Mwanao,
Leticia


Nakapanya
19 Mei 2024

Mwanangu, marahaba, na umenifumania.

Huku baridi imeanza. Nimepata homa, nimepona. Mlango sasa unafunga.

Gaspari ni seremala, ni mjane, ni Mkatoliki, ana meno yake yote. Anataka tufunge ndoa. Nami nataka. Naona nimesema bila neno la ziada, basi mwalimu afurahi.

Leti, nimechoka. Miaka saba si mke, si mjane. Kwenye jumuiya wakiombea wajane natazama chini, wakiombea wanandoa natazama chini. Shingo inauma. Sikumwambia mtu kwa sababu mwanamke akisema hivyo huonekana alikuwa anasubiri mume afe. Sikusubiri afe. Nilisubiri arudi hadi kusubiri kukaisha.

Padre wa huku anasema hawezi kutufungisha ndoa bila hakika kwamba Saimon amefariki, na shauri hilo liko huko Mshangano tulikofungia ndoa. Padre wa huko akiwasikiliza mashahidi na kuridhika, ataandika kwa Askofu. Shahidi yupo. Ni Ramson, aliyekuwa akichimba na Saimon, sasa anaendesha bodaboda hapo Mfaranyaki. Mpeleke kwa Padre aseme anayoyajua.

Wewe kazi yako ni kumwonyesha mlango na kukaa kimya. Nakufahamu tangu unanyonya. Kaa kimya.

Wako,
Devota


Mshangano
23 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Tuko wazima. Mahindi yameshaingia ghalani. Baba anakusalimu sana, na amesema nikuandikie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Ramson alivaa shati la mikono mirefu, akaeleza vizuri. Shimo liliporomoka asubuhi. Waliokuwa nje walikimbia, waliokuwa ndani hawakutolewa, kwa sababu uchimbaji wenyewe ulikuwa wa kujificha na hakuna aliyethubutu kuita watu. Viatu vya Anko Saimon vilibaki kando ya shimo, maana alikuwa akiingia pekupeku. "Lazima alikuwemo, Padre," akasema. Padre akashika kalamu.

Mimi nikasema, "Lazima?"

Shangazi, lilitoka lenyewe. Ramson akageuka. Nikamuuliza kama alimwona akiingia. Akasema, "Sikumwona, mwalimu. Nilikuwa naosha mchanga." Nikasema, "Basi unakisia." Nilisema kwa sauti ileile ninayotumia darasani.

Padre akaweka kalamu chini, akaagiza Bibi Lidwina aitwe. Bibi alisimama mlangoni, hakutaka kiti, Ramson akarudia habari za viatu mbele yake. Alipoulizwa akajibu, "Mwanangu anatoa majani nyumbani kwangu, ninyi mnaniuliza kama amekufa?" Padre akasema shahidi anakisia na mama mzazi anakana, hawezi kumwandikia Askofu kitu cha namna hiyo. Akatubariki.

Nje Ramson aliwasha pikipiki, kisha akaizima. "Mwalimu," akasema, "nani anaacha viatu?"

Nilifikiri nasimamia ukweli. Naona nilikuwa nasimamia somo langu. Nisamehe.

Leticia


Nakapanya
15 Julai 2024

Mwalimu Leticia,

Barua imefika. Huku ni wazima. Mlango unafunga.

Devota


Mshangano
8 Septemba 2024

Shangazi yangu, shikamoo.

Umeniita mwalimu. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake unavyostahili.

Baba ni mzima, anasema nisikuandikie habari za goti kwa sababu wewe si wa kuchekeshwa kwa sasa. Mgomba umepita dirisha. Watu wanatoka hadi mjini kuutazama, na Bibi Lidwina amewakataza kupiga picha.

Nilimsimulia Sista Milagros niliyoyafanya. Nilidhani atanipongeza kwa usahihi, yeye ndiye mwanafunzi wangu bora. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, muuguzi akisubiri hakika, mgonjwa anazikwa. Sisi tunatibu kwa nadhani. Lakini nadhani iliyooshwa mikono." Tangu siku hiyo nafundisha ile ngazi bila raha.

Namuona Ramson barabarani, ananipigia honi, hasimami. Mimi nimekukosea wewe, na yeye nimemkosea. Ulikuwa unataka kitu kimoja tu maishani nami nikakitolea kasoro.

Nijibu hata kwa matusi.

Leticia


Nakapanya
12 Januari 2025

Mwanangu Leti, marahaba.

Barua yako ya Septemba imefika juzi ikinuka dagaa. Azizi alikuwa ameikunja kubania kioo cha basi kisigonge. Kilipobadilishwa kioo ndipo akaikumbuka. Amesema samahani, kisha akaniambia kwamba kioo kilitulia sana.

Kwa hiyo miezi yote hiyo nilikuwa nakulaumu kwamba umenivunjia jambo langu kisha ukanyamaza. Kila basi likisimama nilikuwa najifanya napanga nyanya. Haya, sasa nimejua uliandika. Nimekukasirikia vya kutosha, mengine tumpe Azizi.

Krismasi ilikuwa ya mvua. Gaspari hayupo. Tangu Oktoba amechukua kazi ya kutengeneza madawati Tunduru mjini. Siku ya kuondoka alisema, "Devota, mimi si kijana. Kungoja nitangoja, ila siwezi kungoja huku nakutazama." Nimekuandikia kama alivyosema. Sijui kama atarudi. Nimejaribu kuipanda ngazi yako, siku nyingine nafika "nadhani", nyingine natelezea "huenda".

Mlango umeanza kulia tena. Siuitii fundi mwingine.

Huyo Sista wako msikilize. Na Ramson mfuate wewe, mkubwa hangoji honi.

Shangazi yako,
Devota


Mshangano
29 Juni 2025

Shangazi, shikamoo, kaa chini kwanza.

Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jipya la kukupa. Ramson nilimfuata, nikamwomba radhi, akanipeleka nyumbani bila nauli, na ananipakia kila Jumatatu akinisimulia Anko Saimon alivyokuwa akiimba vibaya. Baba ni mzima, ila sasa anatembelea fimbo aliyoichonga mwenyewe. Masista wamefaulu usaili wote watatu. Msaili alimuuliza Sista Milagros kama ana hakika na jibu lake, akasema, "Nadhani ndiyo." Wakampitisha.

Mgomba ulizaa. Mkungu mkubwa, mzito, ukoo mzima ukaukwepa. Hakuna aliyetaka kuukata. Baba mkubwa alisema kuukata ni kumuua Saimon. Mwingine akasema kuuacha ndege wamle Saimon si heshima. Wapwa waliulizwa, wakasema wao ni mafundi simu.

Jana asubuhi Bibi Lidwina aliniita. Aliniambia nije na panga. Nikamwambia, "Bibi, ngoja nikukatie." Akasema, "Lete. Niliyemzaa ni mimi."

Akaukata mkungu, nikaupokea mgongoni. Halafu akabaki amesimama. Unajua mwenyewe, mgomba ukishazaa hauzai tena, unakatwa ili watoto wake wapate nafasi. Chini palikuwa na machipukizi tayari. Bibi aliyatazama muda mrefu. Kisha akapiga shina, akapiga tena, maji yakautoka mgomba, ukaanguka juu ya uzio wa matete.

Bibi akakaa chini palepale akalia. Shangazi, sijawahi kusikia kilio cha namna ile. Wanawake wa jirani walikuja mbio wakifunga kanga viunoni, na hakuna aliyeuliza nani amekufa. "Mwanangu amekufa," akasema. "Saimon amekufa." Hakuongeza neno. Nami nililia hadi nikashindwa kumshika.

Alipotulia alikataa maji ya kunawa. Akataka apelekwe kwa Padre saa ileile, mikono ikiwa na utomvu. Ramson ndiye aliyempakia. Padre akamuuliza amejuaje, kama kuna habari mpya. Bibi akasema, "Viatu vyake vilibaki nje. Saimon ni mtoto aliyelala na viatu vyake vya komunyo. Nilijua siku ile Ramson aliposema. Nilikuwa sijataka." Padre akaandika. Alipomaliza akaniangalia mimi. "Mwalimu, una swali?"

Nikasema sina.

Barua kwa Askofu itakwenda kesho. Bibi amekutumia mkungu wote na chipukizi moja lenye mizizi, akasema, "Mpelekee mjane wa mwanangu." Ametamka hivyo, mjane. Nimemkabidhi Azizi na kumwonya kwamba si vya kubania kioo.

Mwanao,
Leticia


Nakapanya
24 Agosti 2025

Mwanangu Leti, marahaba.

Nyumbani ni wazima. Baridi inaondoka. Mwambie kaka yangu anichongee fimbo mfano wa yake, tucheze harusini tukiwa tumelingana.

Mkungu ulifika salama, ukiwa umekaa kiti cha mbele. Azizi anasema alimsimamisha abiria. Nilipika ndizi kwa karanga, nikawaita wanawake wa jumuiya. Walidhani ni sherehe. Nilipoonja ya kwanza nikalia mbele yao wote, sufuria ikiwa bado jikoni. Barabara haikukatika, Leti. Sikutaka kulilia mgomba uliochimbwa na mafundi simu. Nilikuwa na machozi ya mtu mmoja, nikayatunza.

Saimon amekufa. Nilimpenda.

Jibu la Askofu limefika wiki hii, Padre wa huku amenisomea. Ndoa ni Oktoba. Bibi Lidwina amesema atakuja kukaa upande wangu, kwa hiyo mtafutieni basi lisilorusha. Mwalike na Ramson, na Sista Milagros kama hatakuwa zamu.

Gaspari alirudi Jumanne na mfuko wake wa zana. Alisukuma mlango, akausikiliza, akasema umeharibika sana. Nikamwambia uache kwanza, kuna shimo la kuchimba nyuma ya nyumba, karibu na maji ya kuoshea vyombo. Akachimba. Nikalileta lile chipukizi nililolitunza ndooni, akalishika mwenyewe, akalisimamisha wima, akalishindilia udongo kwa mikono, taratibu. Hakuniuliza ni mgomba wa nani, nami sikumwambia.

Anajua.

Shangazi yako,
Devota